Uchovu wa kazi au sonona?

Muuguzi wa zamu za usiku anayeamka hoi hata siku ya mapumziko anaweza kuwa na moja kati ya hali hizi mbili, au zote kwa pamoja.

Uchovu wa kazi chanzo chake ni kazini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa magonjwa ulioidhinishwa mwaka 2019, haliuhesabu kuwa ugonjwa. Linaueleza kama matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kuona hufanyi lolote la maana. Mara nyingi muuguzi huyu bado hufurahi harusini, na watoto wake bado humchekesha.

Sonona haichagui mahali. Huzuni au kukosa hamu ya mambo hudumu karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi. Usingizi na ulaji huvurugika, na mtu hujilaumu kwa yasiyo makosa yake. Wengi hulalamikia kichwa na mgongo kwanza, kwa hiyo hupewa panadoli tu. Hilo linaniumiza sana.

Mwenye uchovu apunguziwe zamu; likizo haisaidii sana akirudi kwenye mzigo uleule. Sonona inahitaji ushauri nasaha, dawa, au vyote viwili, na dawa huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, kwa hiyo usiziache mapema wala bila kumwambia daktari. Ukianza kuwaza kujiua, mwambie mtu sasa hivi na akupeleke hospitali leo.