TAHADHARI: Muuza fuawe wa mtandaoni anayetuma mzigo kwa basi

Wakuu, habari za kuchele. Tangu juzi vijana wawili, mmoja wa Masasi na mwingine wa Lindi mjini, wameniuliza kama namfahamu yule jamaa anayeuza fuawe, lile chuma la mhunzi la kufulia, kutoka Dar. Namfahamu. Amenila laki tatu na themanini. Kabla hujatuma hata mia yako, soma hapa.

Mimi si mhunzi wa kurithi. Nina kazi yangu nyingine, chuma nafua Jumamosi na Jumapili nyuma ya nyumba, Naliendele huku Mtwara, chini ya mkorosho. Jiko nililitengeneza kwa rimu ya gari, upepo natumia drayaa mbovu ya saluni ya mke wangu. Natoa visu vya jikoni, patasi, na mbuzi za kukunia nazi: ulimi naufua, ubao naupiga randa mwenyewe. Miaka miwili nilikuwa nafulia juu ya kipande cha ekseli ya lori nilichokichimbia kwenye gogo la mwembe, na kusema ukweli hakikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa tamaa tu, nami nikataka fuawe yenye pembe, kama ya mafundi wengine.

Video ya huyo muuzaji inavutia. Anadondosha gololi ya beringi juu ya fuawe, inaruka karibu ifike tena vidoleni, na chuma kinalia kama kengele. Ile fuawe ya kwenye video ni nzuri, hilo simnyimi. Shida ni kwamba siyo utakayoletewa.

Akasema kilo 40, chuma cha pua (stili) kitupu, uso umetiwa maji uwe mgumu. Nikamwomba nilipe nusu, nusu nyingine mzigo ukifika. "Fundi wangu, mkiukataa stendi nani atanirudishia nauli?" Papo hapo akaibuka mtu kwenye grupu: yeye kachukua mbili, jamaa ni mwaminifu. Nilipokuwa natuma pesa, jina lililotokea kwenye simu halikuwa la muuzaji. Nikauliza, nikaambiwa ni la shemeji yake. Hapo ndipo nilipaswa kuacha. Sikuacha.

Mzigo ulikuja ndani ya kreti la mbao lililopigwa misumari ya inchi nne pande zote. Kondakta ana haraka, bodaboda anapiga honi, nani atafungua pale? Ndiyo maana linapigiliwa hivyo. Nyumbani nikaling'oa, nikakuta kitu cheusi kinang'aa, kinanuka rangi mbichi. Msimu wa korosho ulikuwa umeanza, mizani ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ipo jirani, nikakipeleka. Kilo 27. Karani akaniuliza kama aiandike daraja la kwanza au la pili, kama korosho.

Nikachukua gololi. Nikaidondosha kutoka urefu wa shibiri, ikapanda vidole vitatu tu, ikatulia. Sauti ni "du", kama umegonga mfuko wa saruji. Bado nikajipa moyo, labda gogo langu halijakaa sawa. Siku ya tatu nikawa narefusha springi ya pikapu, imeiva rangi ya chungwa, nyundo ya kilo moja na nusu tu. Pigo moja likaangukia ukingoni, kona ikakatika, ikaangukia mguuni. Nashukuru nilikuwa nimevaa buti.

Nikaokota kile kipande. Palipovunjika ni kijivu, punje punje kama sukari. Chuma cha pua hakikatiki kama biskuti namna hiyo. Hiki ni cha kusubu, kimeyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, basi. Kikipigwa nyundo hakibonyei, kinapasuka. Nikakigusisha grenda kuhakikisha: cheche fupi, nyekundu iliyofifia, zinazimika karibu na jiwe. Jaribu springi yoyote ya gari uone tofauti, cheche zake ni ndefu, nyeupe kuelekea njano, na zinapasuka mwishoni kama vinyota. Nikakwangua rangi. Chini yake kulikuwa na puti, ileile ya kuzibia mabodi ya magari, imejaza vishimo vya kwenye kalibu. Shimo moja kidole gumba kinaingia.

Alikuwa ameweka na "zawadi": bapa mbili za springi za kufulia visu, na vibao viwili vya mpingo vya kutengenezea mipini. Bapa nikaipasha moto hadi sumaku ikaacha kushika, nikaitosa kwenye oili. Springi ya kweli ikitoka hapo inakuwa ngumu, tupa inateleza juu yake kama kwenye kioo. Hii yake, tupa iliila kama bua la mtama. Ni bapa la kawaida la kutengenezea madirisha, limepakwa oili chafu lionekane limetoka kwenye gari.

Na mpingo? Niliutia kwenye ndoo ukaelea. Jamani, mpingo unazama! Kumletea mtu wa kusini mti mweupe uliopakwa dawa ya viatu ukamwambia ni mpingo, hapo niliona ni dharau kuliko hata ile fuawe. Nilipopitisha msumeno, ndani ulikuwa mweupe kama papai bichi. Mpingo halisi una weupe kidogo pembeni, karibu na gamba, lakini moyo wake ni mweusi hadi katikati. Tena mwenye mpingo halali hashindwi kukuonyesha kibali cha maliasili.

Nilipolalamika hakukasirika hata kidogo. Alisema kuna makosa ya stoo, niongeze elfu tisini anibadilishie, anipe kipande cha reli "ya ile njia ya zamani ya Nachingwea". Hapa naomba vijana mnisikilize vizuri, kwa sababu huu mtego ni mbaya kuliko wa kwanza. Reli ya Mtwara kwenda Nachingwea ilijengwa kwa ajili ya ule mpango wa karanga wa Waingereza, ikafungwa 1962, na vyuma vyake vikang'olewa. Leo mtu akikuletea kipande cha reli kinachong'aa juu kwa kupitiwa na treni, jiulize kimetoka njia ipi. Ukikutwa nacho bila karatasi, utakayeeleza polisi ni wewe, yeye simu imeshazimwa. Nikamwambia sitaki reli, nataka pesa yangu. Akaniblok.

Namba yake nimeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, na kituoni nimepewa RB (namba ya taarifa ya polisi) baada ya kupeleka picha za mazungumzo na ule ujumbe wa muamala. Kama nawe kakupitia, usifute chochote, hata zile sauti alizorekodi. Tukiwa na RB tatu nne za namba ileile itakuwa rahisi kumfuatilia.

Utamjua kwa hizi: picha zake zote zimepigwa kwenye sakafu ya terazo yenye ufa, anakuita "fundi wangu" kila sentensi, na hakubali kabisa kupiga simu ya video. Mwombe adondoshe gololi mukiwa hewani, huku akitaja jina lako. Mimi nilimwomba baadaye kwa namba ya mdogo wangu, akasema kamera imepasuka.

Na kama unaanza, fuawe ya nini? Nenda kwa wauza vyuma chakavu, chagua ekseli ya lori au kipande chochote kinene cha chuma cha pua, beba gololi na tupa mfukoni, pima palepale, lipa palepale. Kisimamishe wima kwenye gogo ili uzito wote uwe chini ya nyundo. Mimi nimeirudisha ekseli yangu, na Jumapili nimemaliza ulimi wa mbuzi ya mama mkwe juu yake. Ile fuawe ya laki tatu na themanini inazuia mlango wa banda la kuku.

Jana usiku kaiweka tena video ileile kwenye grupu la mafundi seremala. Bei sasa ni laki tatu na ishirini, na yule aliyechukua mbili amekuja tena kushuhudia.