Kuhamisha fomu za InfoPath kwenda Power Apps: uzoefu wangu Iringa na Mufindi

Mwenye haraka achukue hukumu hapa juu: Power Apps, jukwaa la Microsoft la kujengea programu ndogo za kazi, ni nzuri kwa fomu za ofisini, kwa kazi za shambani tulichagua kitu kingine, na kampuni ya ushauri tuliyoilipa ituhamishie fomu ilifanya ile nusu rahisi.

Niko kitengo cha Tehama kwenye kampuni ya chai yenye ofisi Iringa mjini na mashamba Mufindi. Kwa miaka mingi karatasi zetu karibu zote zilikuwa zimegeuzwa fomu za InfoPath, programu ya Microsoft ya kutengeneza fomu za kujazia kwenye kompyuta: likizo, masurufu ya safari, vifaa vya stoo, kuomba gari, taarifa ya ajali kazini. InfoPath ilianza na Office ya 2003, na wahasibu walioizoea hawataki isemwe vibaya. Wana haki. Ilijumlisha yenyewe, ilikataa kutumwa ukiruka sehemu ya lazima, na mtu asiyejua kuandika programu aliweza kuitengeneza. Ila toleo lake la mwisho ni la 2013. Januari 2014 Microsoft ilitangaza kwamba hakutakuwa na jingine, na ukomo wa huduma ni Julai 14, 2026. Tarehe hiyo hiyo fomu hizi zinaondolewa pia kwenye SharePoint ya mtandaoni, mfumo wa Microsoft wa kutunzia orodha na mafaili ya ofisi. Taarifa ilikuwepo miaka yote. Kilichochelewa ni bajeti.

Uhamisho tuliupanga miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, wakati majani yanapungua shambani na watu wa kiwandani wanaweza kukusikiliza. Mtu akikwambia ufanye kazi hii msimu wa mvua, majani yanamiminika, mkatalie.

Sasa hao washauri. Walichofanya ni kuangalia kila fomu jinsi inavyoonekana, kisha kuichora upya kwenye Power Apps: nembo pale pale, rangi zile zile, visanduku kwa mpangilio ule ule. Siku ya maonyesho wakubwa walipiga makofi. Fomu zikaanza kutumika. Haukupita muda mrefu mhasibu wetu mkuu, mama wa makamo asiye na maneno mengi, akaniita mezani kwake.

"Mwanangu, hii fomu yenu mpya ya masurufu ina huruma sana."

"Kivipi, mama?"

"Ile ya zamani ilikuwa inawakatalia. Hii inampa mtu hela ya safari ya pili wakati ya kwanza hajairejesha."

Alikuwa sahihi. Fomu ya zamani ilikuwa na kanuni ndani yake: kabla ya kukubali ombi jipya ilichungulia orodha ya masurufu, ikikuta jina lako lina deni inakufungia. Kwenye skrini huioni kanuni hiyo mpaka ikukamate, na washauri hawakuwa na deni lolote kwetu, kwa hiyo haikuwakamata. Tulikuwa na gari lililopakwa rangi vizuri huku injini imebaki gereji.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, na hiki ndicho ningependa kila anayehamisha fomu akielewe. Faili la fomu ya InfoPath, lenye mwisho wa .xsn, ni kifurushi. Tengeneza nakala, badilisha mwisho wake kuwa .cab, lifungue. Utakuta mafaili kadhaa, na mojawapo linaitwa manifest.xsf. Kanuni nyingi zimo humo: nani apelekewe nini, kiasi gani kikizidi kiende kwa nani, sehemu gani ijifiche mpaka ujibu ndiyo. Ni maandishi ya kuchosha, lakini yanasomeka. Nilikaa nayo fomu moja baada ya nyingine, nikiandika kila kanuni kwa Kiswahili cha kawaida kwenye Excel, halafu nikaipeleka kwa mwenye kazi nimuulize: hii bado mnaitaka?

Majibu yalichekesha. Fomu ya gari ilikuwa inatuma nakala kwa meneja aliyestaafu zamani. Fomu ya stoo ilikuwa na kiwango cha fedha kilichowekwa enzi ambazo shilingi ilinunua vingi zaidi, matokeo yake ombi la betri za tochi lilipanda hadi kwa mkurugenzi. Fomu ya likizo ilijua kukokotoa siku 28 za mwaka ambazo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi, lakini ilikuwa haizihesabu sikukuu zinazoangukia ndani ya likizo, wakati sheria inazijumlisha kwenye hizo 28. Zipo pia fomu ambazo hakuna aliyekumbuka ziliombwa na nani. Hizo hatukuzihamisha, tulizizika.

Kwa upande wa Power Apps yenyewe, hakuna kitufe cha kubonyeza .xsn ikawa programu mpya. Unajenga upya. Fomu fupi ya likizo ni kazi nyepesi, na Power Automate, programu mwenzake inayopeleka ombi kwa msimamizi na kurudisha jibu ndiyo kitu ninachokipenda kuliko vyote: bosi anaidhinisha kwa simu akiwa safarini Makambako. Ugumu uko kwenye fomu zenye jedwali la kuongeza mistari, kama ile ya stoo. InfoPath iliweka mistari yote ndani ya faili moja la XML, yaani faili la maandishi lenye data ya fomu iliyojazwa. Huku unahitaji orodha mbili za SharePoint, moja ya ombi na nyingine ya bidhaa zake, zikiunganishwa kwa namba. Anayekwambia ni suala la dakika chache hajawahi kuijenga.

Jambo jingine la kuangalia mapema ni ukomo wa mistari. Ukitumia amri ambayo SharePoint haiwezi kuitekeleza upande wake, Power Apps inachukua mistari 500 ya kwanza tu na kutafuta humo. Unaweza kupandisha hadi 2,000, basi. Mtumiaji haoni kosa lolote. Anatafuta ombi, halionekani, anadhani halikutumwa. Onyo linamtokea anayejenga, kwa hiyo usilipuuze.

Shambani ni habari nyingine. Karani wa mizani yuko bondeni, ukungu umeshuka, mtandao unakuja na kuondoka. Power Apps inaweza kuandaliwa ifanye kazi bila mtandao, lakini ni ujenzi wa ziada. Tulichukua KoboToolbox, mfumo wa kukusanyia taarifa kwa fomu za simu. Fomu unaiandika kwenye Excel, maswali yakiwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, na KoboCollect kwenye simu ya Android inahifadhi taarifa mpaka mtandao upatikane. Makarani waliielewa haraka kuliko sisi wa ofisini. Lalamiko lao kubwa ni vidole: asubuhi za Julai huwezi kugusa skrini ukiwa umevaa glovu za sufu.

Gharama nazo zisomwe kwa miwani. Kama tayari mnalipia Microsoft 365, kwa leseni nyingi za ofisini Power Apps inayotumia orodha za SharePoint imo humo. Mara tu fomu inapogusa hifadhidata kama Dataverse au SQL Server, kila mtumiaji anahitaji leseni ya ziada. Washauri walikuwa wamependekeza Dataverse kwa fomu zote, ya likizo ikiwemo. Tulikataa.

Fomu za zamani zilizokwisha kujazwa hatukuziingiza kwenye mfumo mpya. Kila moja tuliitoa kama PDF, tukaweka na XML yake pembeni, na folda zikapangwa kwa mwaka, maana Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5 na mkaguzi hapendi kusikia kwamba programu ya kufungulia haipo tena. Ifanyeni hii wakati InfoPath ingali inafunguka kwenye kompyuta angalau moja ofisini.