Nimemaliza Speak ya Laurie Halse Anderson, ngoja niwaambie

Kitabu chenyewe nilikinunua pale Posta kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu vya mtumba chini, alitaka elfu tano nikamshusha mpaka elfu tatu na mia tano kwa sababu kava limechanika kona na kuna mtu aliandika jina lake kwa peni ya kijani kila baada ya kurasa chache, sijui alikuwa anaogopa kuibiwa. Nikasema kembamba hiki, kitanisogeza kwenye daladala, nikajua ni yale mambo ya wasichana wa shule za Marekani, mapenzi mapenzi. Kituo nilikipitiliza siku mbili mfululizo.

Kabla sijaenda mbali niseme tu, humu ndani kuna ubakaji na kuna binti anajiumiza mwenyewe, kama hayo mambo yanakugusa pabaya basi kisome ukiwa na nafasi, sio usiku ukiwa peke yako kama nilivyofanya mimi.

Hadithi iko hivi. Melinda Sordino anaanza sekondari huko Syracuse, jimbo la New York, na siku ya kwanza tu kwenye basi la shule hakuna anayetaka kukaa naye. Marafiki wote wamemkimbia, mpaka Rachel ambaye ndio alikuwa shosti wake wa damu. Sababu ni kwamba mwezi wa nane kabla shule hazijafunguliwa kulikuwa na pati, Melinda akapiga simu polisi, polisi wakaja, pati ikavunjika na watu wakakamatwa. Basi yeye ndio msaliti. Shule nzima inajua alipiga simu na hakuna hata mmoja anayemuuliza ulipiga kwa nini. Na hata kwenye simu yenyewe maneno yalimgoma kutoka. Wewe msomaji utahisi mapema sana nini kilimpata usiku ule ila yeye mwenyewe anachukua nusu ya kitabu na zaidi kulisema hilo jambo hata kichwani mwake tu.

Sasa uzuri uko hapa. Huyu mtoto haongei, anazidi kunyamaza kadiri mwaka unavyokwenda, midomo kaing'ata mpaka ina makovu, lakini kwa sisi wasomaji anaongea bila kupumua, na anachekesha! Mwalimu mmoja kampa jina la Bwana Shingo, mwalimu wa Kiingereza ni Mwanamke Nywele, shule inabadilisha jina la utani la timu zake kila baada ya muda kidogo utadhani hilo ndio tatizo kubwa la wanafunzi. Nilicheka kwenye kiti cha dirishani yule mama wa jirani akanigeukia. Halafu ukurasa unaofuata koo linakukaba. Kuna mahali maongezi yameandikwa kama mchezo wa kuigiza, mzazi anasema hivi, mwalimu mkuu anasema vile, ikifika zamu ya Melinda hakuna kitu, patupu. Mwandishi hajaeleza wala nini, kaacha tu hiyo nafasi nyeupe uitazame.

Kwao nyumbani wanaongea kwa vikaratasi vinavyoachwa jikoni. Baba kazini, mama anasimamia duka, binti anakuta kikaratasi. Nikafikiria meseji za kwetu za "nimechelewa foleni, kuleni", nikanyamaza.

Kitabu kimegawanywa vipande vinne kama mihula, na vitatu vya kwanza kila kimoja kinaishia na ripoti ya shule. Maksi zinaporomoka, ila hii ripoti tunayoisoma sisi kaiandika yeye kwa hiyo anajipa gredi mpaka za nguo na za chakula cha mchana. Mwanzoni niliona kama utani tu. Kufika ripoti ya tatu sikuona tena utani, maana ile ripoti halisi ndio kitu pekee ambacho watu wazima wanakisoma kuhusu yeye, na wakishasoma wanamfokea, wanauliza una matatizo gani wewe, halafu hawasubiri jibu.

Hapa nikaanza kukichezea kichwa hicho cha kitabu. Ukikitafsiri haraka haraka unapata "Sema". Sasa kwetu sisi "sema!" ni neno la fimbo. Mwalimu wa zamu kashika fimbo, sema! Baba kasimama mlangoni, sema ulikuwa wapi! Na ndivyo anavyoambiwa Melinda na karibu kila mtu mzima mle ndani, sema, fungua mdomo, acha ukaidi, na kila akiambiwa hivyo koo linazidi kufunga. Anayefanikiwa kumfungua kidogo ni mwalimu wa sanaa, Bwana Freeman, ambaye kwanza hamwambii aseme chochote. Anapitisha karatasi wachague, kila mwanafunzi anaokota neno moja la kulifanyia kazi mwaka mzima, Melinda anaokota "mti". Anaona rahisi mno, nani hajui kuchora mti, mwaka unaisha anahangaika na mti. Kuna siku anachukua mifupa ya bata mzinga ambaye baba yake alimharibu jikoni kwenye sikukuu, anaiunganisha, anaweka na kichwa cha mdoli, mdomoni anambandika utepe. Mwalimu anaitazama na anaelewa bila mtu kumwelezea. Hiyo sehemu niliirudia mara tatu.

Kitu kingine ambacho sijaona watu wakikizungumzia. Yule mvulana aliyemdhuru usiku wa pati, kwa muda mrefu Melinda hamtaji jina, anamuita kwa lile neno la Kiingereza la kutajia vitu na wanyama, it, basi. Kwa Kiswahili ni kama kamtoa kwenye ngeli ya watu kamtupa kwenye KI-VI, kimepita, kimenitazama, kimenisogelea. Jaribu kusoma zile kurasa ukitafsiri hivyo kichwani uone kama hutasisimka mwili.

Na kile kistoo! Anagundua stoo ya vifaa vya usafi iliyosahaulika, anaifanya maficho yake, kioo kilichomo anakifunika kwa bango la Maya Angelou, mwandishi wa Marekani, kwa sababu hataki kujiona. Bango kapewa na mtu wa maktaba maana bodi ya shule imepiga marufuku kitabu cha huyo mama. Anayejua habari za Maya Angelou anajua alibakwa akiwa mtoto mdogo na akakaa miaka karibu mitano bila kuongea. Kitabuni hilo halisemwi, bango liko tu pale ukutani linamwangalia. Halafu Speak chenyewe, kilichotoka 1999, nacho kimekuja kulalamikiwa na kuondolewa kwenye shule kadhaa huko huko Marekani. Sisi wa Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi, tunaijua hiyo hadithi, kitabu kinasema binti kafanywa nini, kinachofungiwa ni kitabu. Tofauti ni kwamba Rosa tunasimuliwa habari zake na mtu mwingine, huku Melinda tumo kichwani mwake na mlango umefungwa kwa ndani.

Nilivyokuwa bodingi kidato cha pili kulikuwa na binti mmoja bwenini kwetu alirudi likizo hasemi. Wengine tukasema anajisikia, wengine wakasema mapepo, akaombewa, tukakemea weee, muhula uliofuata hakurudi. Mimi nilikuwa kitanda cha juu yake. Basi, siendelei.

Kasoro zipo. Wazazi wake wamechorwa nusu nusu, nilitaka hata ukurasa mmoja mama yake akiwa mtu na sio kikaratasi. Ile mikusanyiko ya kushangilia timu na mchezo wa lakrosi, ule wa kurusha mpira kwa fimbo zenye wavu, vilinichosha, niliruka mistari. Na mwisho, bila kuwaharibia, unakuja kwa kasi sana, mwaka mzima umepikwa kwa mkaa halafu dakika za mwisho mtu kawasha gesi. Mwisho wenyewe ni mzuri ila nilitaka nikae nao.

Kiingereza chake sio kigumu, sentensi fupi fupi, mtoto wa kidato cha tatu anayejitahidi anakimudu. Kuna filamu ya 2004, Melinda kachezwa na Kristen Stewart kabla hajawa maarufu kwa filamu za mavampaya za Twilight, na kuna toleo la michoro la 2018 aliyelichora ni Emily Carroll, hilo kwa asiyependa kusoma maneno mengi linafaa sana. Mwandishi mwenyewe alibakwa akiwa na miaka 13, ameandika hayo wazi kwenye kitabu chake cha mashairi, Shout, cha 2019. Nilijua hilo baada ya kumaliza, nikarudi kusoma mwanzo upya.

Nyota nne na nusu, hiyo nusu nimeikata kwa ajili ya lakrosi. Sasa hivi kiko kwa mpwa wangu, ana miaka kumi na sita, jana kanitumia meseji saa tano usiku, "mamdogo hiki kitu anachokiogopa ni mtu au ni nini", nikamjibu soma, akasema nakuja Jumamosi.