TAHADHARI: Tanga kuna mtu anauzia wanafunzi "namba ya Uingereza", msitoe hela

Jamani watu wa Tanga, mwenye mtoto au mdogo wake aliyepata chuo Uingereza asome hii kabla hajatoa hata mia. Kuna jamaa anazunguka hapa mjini, Ngamiani mpaka Chumbageni, anajiita ejenti wa vyuo vya nje, nguo zimenyooka na mdomo ndo usiseme, anawaambia wazazi mtoto hawezi kupanda ndege bila namba ya National Insurance, ile wanayoiita NI namba, na eti yeye anaitoa hapahapa kwa laki nne na nusu, ukilipa leo wiki ijayo kadi unayo. Namba yake ya simu siweki maana laini anabadilisha kama soksi, ila mtamjua tu kwa hiyo biashara ya kadi.

Mimi nina stationary, makaratasi ya watoto wanaosafiri yanapita mezani kwangu. Juzi kaja mama mmoja wa Makorora nimtolee kopi kadi ya mwanawe. Naishika, plastiki ngumu, picha ya mtoto kushoto, tarehe ya kuzaliwa, mpaka sahihi, yaani ni NIDA tupu iliyobandikwa bendera ya Uingereza. Sasa Waingereza wenyewe walikuwa na kikadi cha plastiki zamani, hakikuwa na picha, na walishaacha kukitoa tangu 2011, siku hizi namba inakuja kwa barua. Halafu angalia namba yenyewe: inaanza na GB! NI namba ni herufi mbili, tarakimu 6, halafu herufi moja mwishoni kati ya A na D, na GB ni katika zile herufi ambazo hawazitumii kabisa kuanzia namba. Jamaa kaona GB ndo itapendeza. Nikamwambia yule mama, akakaa kwenye benchi akaniuliza "sasa baba, na hela ya mchezo nimeshampa?" Nilikosa cha kumjibu.

Anachowakamatia wazazi ni hii hofu ya NIDA. Huku kwetu bila namba ya NIDA laini husajili, pasipoti hupati, kwa hiyo akikwambia na kule ni hivyohivyo unaona kweli. Siyo. Kinachomuombea mtoto viza ni CAS, namba inayotolewa na chuo chenyewe kilichomkubali, haihusiani kabisa na NI. NI namba ni ya mambo ya kodi na michango kwa mtu anayefanya kazi. Asiyefanya kazi hana haja nayo, anasoma, anapanga chumba, anatibiwa bila hiyo. Na anayetaka kibarua (wanafunzi wengi wa digrii wanaruhusiwa mwisho saa 20 kwa wiki muhula ukiwa unaendelea) anaomba mwenyewe mtandaoni kwenye tovuti ya serikali yao, gov.uk, AKIWA KULE KULE Uingereza. Ukiwa Tanga huombi. Bei yake ni bure, pauni sifuri. Wengine wanakuta wameshapangiwa na ipo kwenye taarifa zao za viza, hawahitaji hata kuomba. Tena kazi anaweza kuanza huku anaisubiri namba, mradi amuoneshe mwajiri kwamba viza yake inamruhusu kufanya kazi.

Laki nne na nusu inauma lakini kuna kubaya zaidi. Huyu mtu anapiga picha pasipoti ya mtoto, barua ya chuo, NIDA ya mzazi, halafu anaomba pasiwedi ya imeili "nifuatilie kwa niaba yenu". Ukimwachia na fomu ya viza akaijaza yeye akaweka na hiyo namba feki, Uingereza wakiona umewadanganya viza inakataliwa na unaweza kufungiwa miaka 10. Kwa kadi ya mtu wa Ngamiani!

Mliokwisha kulipa, msimpigie kugombana naye, atazima simu na kufuta meseji. Piga picha meseji zote na muamala, nenda polisi ukachukue RB, piga kwa mtandao wako wa simu mapema, na namba yake ya simu itume 15040 ya TCRA. Mtoto abadilishe pasiwedi leoleo, na aandikie ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni kwake awaambie kilichotokea, wale hawatozi kitu na kesi kama hizi si ngeni kwao. Fomu ya viza kama bado haijatumwa aifungue aisome mwenyewe neno kwa neno.

Nasikia tangu wiki iliyopita anaonekana Muheza, na huko anajiita mwalimu. Wa Muheza kaeni chonjo.