Stellarium: hesabu ni sahihi, mipangilio ndiyo inayopotosha

Watu wengi wanaijua Stellarium kama programu ya kutazamia nyota kwenye kompyuta: anga jeusi, mistari ya makundi ya nyota, Zohali na pete zake, basi. Wachache hubonyeza F10. Kitufe hicho hufungua dirisha la mahesabu, na dirisha hilo ndilo tunalolipima hapa. Je, mtu wa Mombasa, Kigoma au Lubumbashi anaweza kulitegemea kujua saa ya kupatwa kwa mwezi, siku ya kutafuta hilali, au jioni ambayo Zuhura na Mshtarii watakaribiana?

Anaweza, na halipi hata senti. Programu hii ilianzishwa na Mfaransa Fabien Chéreau mwaka 2000, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na toleo la 1.0 lilitoka Oktoba 2022. Kwa matukio ya miaka yetu hii, hesabu zake za jua, mwezi na sayari hazina shida yoyote ambayo jicho la binadamu lingeigundua. Mtu akipata jibu lisilo sahihi, karibu kila mara kosa liko kwenye mipangilio: mahali, saa, upeo wa macho.

Faili la kusakinisha lina mamia ya megabaiti, kwa hiyo lishushe penye Wi-Fi usije ukamaliza bando. Ukishaifungua, programu itakuonyesha katalogi za ziada za nyota za kushusha. Ziache. Kwa jua, mwezi na sayari hazikuongezei kitu. Kompyuta ya zamani yenye kadi dhaifu ya picha inaweza kugoma au kuonyesha skrini nyeusi. Kwenye Windows, angalia kama toleo lako lina njia ya mkato yenye neno MESA, ambayo huchora kwa kutumia prosesa. Itakwenda polepole, lakini majedwali yatatoka yaleyale.

Anza na F6, dirisha la mahali. Programu hujaribu kukisia ulipo kupitia intaneti, na mtandao ukikosekana huangukia Paris. Ukisio wenyewe nao si wa kuamini, kwa sababu unafuata mitambo ya kampuni ya simu, na mtu wa Kigoma anaweza kujikuta amewekwa Dar es Salaam. Wengine hudharau kosa hilo kwa kuwa nchi ni moja na saa ni moja. Lakini jua halijui mipaka ya saa. Kila nyuzi 1 ya longitudo ni dakika 4, na kati ya Dar es Salaam na Kigoma kuna karibu nyuzi 9.7, yaani takriban dakika 39. Chagua mji wako kwenye orodha au andika latitudo na longitudo kwa mkono, kisha weka alama ya kuufanya uwe mahali pa kudumu. Hakikisha pia saa za eneo, zinazohesabiwa kutoka UTC, yaani saa ya kimataifa: UTC+3 kwa Kenya, Tanzania na Uganda, UTC+2 kwa Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo.

Kuhusu saa, programu huandika kwa mtindo wa saa 24 kuanzia usiku wa manane. Toa 6 upate saa ya Kiswahili, na jibu likizidi 12 toa 12 tena: 20:30 ni saa 2:30 usiku. Wanaosoma majedwali ya kimataifa ya UTC wana njia fupi zaidi. Kwa kuwa sisi wa UTC+3 tunaongeza 3 halafu tunatoa 6, unatoa 3 tu kwenye UTC na kazi imekwisha.

Sasa F10, kichupo cha Eclipses. Ndani yake kuna orodha za kupatwa kwa jua, kupatwa kwa mwezi, na sayari kupita mbele ya jua. Kupatwa kwa jua na kwa mwezi kumegawanywa mara mbili: orodha ya dunia nzima na orodha ya mahali ulipo. Unachagua mwaka wa kuanzia na idadi ya miaka, unabonyeza kitufe cha kukokotoa, na safu zinajaa: tarehe, aina, namba ya Saros (mfululizo wa kupatwa kunakojirudia), ukubwa, muda. Ukibofya mara mbili kwenye mstari, anga linaruka hadi saa hiyo. Jedwali lote unaweza kulihifadhi kama faili la CSV.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kusoma orodha ya dunia kana kwamba ni ya kwao. Chukua kupatwa kwa mwezi kwa 28 Agosti 2026. Orodha ya dunia inasema ni kwa sehemu, ukubwa 0.93, maana yake karibu mwezi wote unaingia kivulini, na kilele ni saa 1:13 asubuhi kwa saa zetu. Mtu wa Dar es Salaam akiamka kwa saa hiyo hataona chochote: mwezi umeshazama tangu karibu saa 12:25. Anachoweza kupata ni kipande cha mwanzo, kuanzia takriban saa 11:34 alfajiri, na mwezi utazama ukiwa umeliwa karibu nusu. Kigoma, kwa zile dakika 39 za ziada, mwezi unazama dakika chache tu kabla ya kilele. Lubumbashi kilele na kuzama karibu vinakutana. Tukio ni moja, ila kila mji una lake la kuona, na tofauti hiyo yote imo kwenye orodha ya mahali. Kupatwa kwa jua kwa 12 Agosti mwaka huohuo hakumo kabisa kwenye orodha ya mahali ya miji yetu, kwa sababu kivuli kinapita Greenland, Iceland na Hispania wakati huku ni usiku.

Kwa jua, kubwa linalokuja ni 2 Agosti 2027. Kivuli kamili kinapita Hispania, Afrika Kaskazini, Luxor nchini Misri ambako giza litazidi dakika 6, kisha Saudia, Yemen na ncha ya kaskazini ya Somalia. Kenya na Tanzania tutaona jua likiliwa sehemu tu, na kiasi hupungua kadiri unavyokwenda kusini. Hapa orodha ya mahali ina kazi kweli: ukubwa wa Mandera na ukubwa wa Mtwara si mmoja, na anayepanga kuwatoa wanafunzi nje kwa miwani maalumu anahitaji saa ya mguso wa kwanza na wa mwisho kwa mji wake. Kupita kwa Utaridi mbele ya jua tarehe 13 Novemba 2032 nako kumo, katikati yake ikiwa karibu saa 5:54 asubuhi, jua likiwa juu kabisa kwetu. Hilo linahitaji darubini yenye kichujio cha jua mbele ya lenzi kubwa, kwani Utaridi ni kadoa tu.

Jambo moja kuhusu picha: kwenye F4, dirisha la mwonekano wa anga, sehemu ya mfumo wa jua, kuna chaguo la kuukuza mwezi. Likiwashwa, mwezi huonekana mkubwa kupita jua na mchoro wa kupatwa unakuwa uongo mtupu, hata kama jedwali ni sahihi. Lizime. Ukilinganisha saa za kupatwa kwa mwezi na majedwali mengine ukakuta tofauti ya sekunde kadhaa, usiite kosa. Ukingo wa kivuli cha dunia hauna mstari mkali, na kila mkokotoaji ana njia yake ya kukadiria angahewa linakipanua kiasi gani.

Hilali ndiyo inayowaleta wengi kwenye programu hii, hasa Shaabani inapokaribia kuisha. Hakuna kitufe cha kusema mwezi umeandama au la, na ni vizuri hakipo, maana kuandama ni suala la kuonwa na la kutangazwa. Kinachopatikana ni namba za kuamulia kama kuna haja ya kupanda kilimani. Bofya jua usome saa ya kuchwa kwenye maelezo ya pembeni, ingiza saa hiyo kwenye F5, dirisha la tarehe na saa, halafu bofya mwezi. Soma vitu vitatu: kimo juu ya upeo wa macho, umbali wa pembe kutoka kwenye jua, na umri wa mwezi tangu mkutano wake na jua.

Mfano wa Ramadhani ya 2026: mkutano wa jua na mwezi ulikuwa 17 Februari, 12:01 UTC, yaani saa 9:01 alasiri. Dar es Salaam jua lilikuchwa karibu saa 12:46 jioni. Mwezi ulikuwa na umri wa chini ya saa 4 na umbali wa karibu nyuzi 2 tu kutoka kwenye jua. Mwanafalaki Mfaransa André Danjon alionyesha kwamba chini ya nyuzi 7 hivi hilali haionekani, kwa hiyo jioni ile macho yasingefaa kitu, hata anga lingekuwa safi namna gani. Jioni iliyofuata umri ulipita saa 27, na hilali ilikuwa rahisi penye anga wazi. Watangazaji wanaosema mwezi umezaliwa, basi utaonekana leo, wanachanganya mambo mawili ambayo programu hii inayatenganisha vizuri.

Ila kuna mitego mitatu, na kwenye hilali kila mmoja unaweza kugeuza jibu. Wa kwanza ni chaguo la kuhesabu kutoka mahali ulipo badala ya kutoka katikati ya dunia, lililoko ndani ya F2, dirisha la mipangilio. Mwezi uko karibu nasi kiasi kwamba karibu na upeo wa macho tofauti hufika takriban nyuzi 1. Likiwa limezimwa, hilali ya nyuzi 3 inaandikwa kuwa ya nyuzi 4, na mjadala mzima unaharibika.

Wa pili ni angahewa. Herufi A huliwasha na kulizima. Likiwepo, programu huhesabu kupinda kwa nuru, ambako kwenye upeo wa macho ni karibu dakika 34 za tao (dakika 60 za tao ni nyuzi 1). Ukilizima, jua la kwenye skrini linazama zaidi ya dakika 2 mapema. Kwa miji ya nyanda za juu, ingia kwenye mipangilio ya angahewa ndani ya F4 ubadilishe shinikizo. Namba iliyowekwa ni ya usawa wa bahari, wakati Nairobi shinikizo ni karibu milibari 830. Tofauti si kubwa, lakini kwa mwezi ulio chini sana ni afadhali kuiweka sawa.

Wa tatu ni mandhari. Programu huja na picha ya kijiji cha Ufaransa chenye miti, na hilali ya nyuzi 4 inajificha nyuma ya miti ya watu. Chagua mandhari iitwayo Zero Horizon, au ile ya bahari. Kisha kumbuka kwamba uliko wewe upeo si bapa namna hiyo. Ufukweni Dar es Salaam bahari iko mashariki, na hilali hutafutwa magharibi, juu ya mapaa na minazi.

Kwa sayari, kichupo ni Phenomena. Unachagua sayari ya kwanza, sayari au kundi la pili, tarehe za mwanzo na mwisho, na kikomo cha umbali kati yao. Kikomo hicho ndicho kinachoficha mambo. Ukikiacha kwenye nyuzi 1, Zuhura na Mshtarii wa 9 Juni 2026 hawatokei, kwa sababu umbali wao ni karibu nyuzi 1.6, ingawa ni tukio zuri la jioni la kutazamwa kwa macho matupu. Weka nyuzi 3 au 5. Jaribu pia 21 Desemba 2020: Mshtarii na Zohali wanapaswa kutoka wakiwa na dakika 6 tu za tao kati yao. Saa ikipishana na ya jedwali lingine, angalia wanahesabu nini. Kuna umbali mdogo kabisa kati ya sayari mbili, na kuna kulingana kwa longitudo. Nyakati zake zinaweza kupishana kwa saa kadhaa. Ukichagua kundi zima na kipindi cha miaka mingi, nenda ukapike chai.

Kwa historia ya kale nguvu inapungua. Mwendo wa dunia kujizungusha haukuwa uleule: leo sahihisho ni takriban sekunde 69, lakini kwa mwaka 500 kabla ya Masihi linazidi saa 4, na limekadiriwa. Tarehe ya kupatwa kwa jua utaipata. Mji gani ulitiwa giza, hapo punguza uhakika.

Wavuvi wasitafute jedwali la kujaa na kupwa humu, halimo. Mwezi mpya na mwezi mpevu vitakupa bamvua iko siku zipi, saa yenyewe utaisoma kwenye jedwali la bandari. Na programu ya simu yenye jina hilihili haina dirisha hili la F10, kwa hiyo usinunue toleo lake la kulipia ukidhani utayapata majedwali haya.

Ukishamaliza kupanga, fanya jaribio moja kabla ya kuamini chochote. Omba kupatwa kwa mwezi kwa 7 Septemba 2025. Kwa saa za Nairobi na Dar es Salaam, giza kamili linaanza 20:30, kilele 21:11, linaisha 21:52. Ukiona 19:30 mahali pa 20:30, na wewe si wa Kigali wala Lubumbashi, programu yako bado iko Paris.