TAHADHARI: "Hisa za waanzilishi" za kitalu cha gesi zinazouzwa Mtwara na Lindi ni wizi

Wajomba na mashangazi, yule bwana wa koti la bluu aliyewauzia watu hisa za gesi ukumbini Mtwara mjini hajaacha. Baada ya kelele za Mtwara mjini amehamia upande wa Lindi, na karatasi anazouza ni zilezile: hisa za waanzilishi za kampuni ya kutafuta gesi, fungu moja shilingi 50,000, na hauziwi chini ya mafungu 10. Msimpe hata mia.

Ambao hamkuwepo ukumbini mjue ilivyokuwa, maana atarudia vilevile huko aliko. Alianza kwa dua. Akawasha projekta, ikatokea ramani ya vitalu, yaani maeneo yaliyogawanywa ya kutafutia gesi, ramani ya kweli kabisa, ila juu yake alikuwa amepaka wekundu kipande kati ya Madimba na Nanguruwe. "Hapa ndipo petu," akasema. Akatoa chupa ya mchanga mweusi, ikapita mkono kwa mkono, wazee wakanusa, ukanuka mafuta ya taa kwelikweli. Hakuna aliyesema kwamba gesi ya Mnazi Bay, eneo letu la gesi hapa Mtwara, karibu yote ni methane, haina rangi wala harufu, na haiachi mchanga wa namna ile.

Kisha ikaja hesabu, na hapo ndipo watu walipokamatwa. Akaandika ubaoni: kisima cha jirani kimetoa futi za ujazo milioni 20 kwa siku. Akazidisha kwa dola 3 kwa kila futi elfu, akapata dola 60,000 kwa siku. Akazidisha kwa siku 365, dola milioni 21.9 kwa mwaka. Akagawa kwa mafungu 20,000, kila fungu likapata dola 1,095. Ukumbi mzima ukanyamaza. Fungu la elfu hamsini lirudishe zaidi ya dola elfu moja kila mwaka! Kabla ya adhuhuri foleni ilikuwa imefika mlangoni, na pesa zinatumwa kwenye namba ya simu yenye jina la mwanamke mmoja aliyetambulishwa kuwa "msajili wa wanahisa". Vyeti vilikuwa na lakiri ya dhahabu, namba zimeandikwa kwa kalamu.

Sasa kuna wanaowacheka waliolipa. Wakome. Pesa za mnada wa korosho zilikuwa zimeingia wiki ile, na yule mwizi alilijua hilo. Cheti cha BRELA, wakala wa kusajili kampuni, alichoonyesha kilikuwa halisi, kwa sababu kusajili kampuni ni kazi ya mtu yeyote mwenye ada, wala haimaanishi una gesi. Futi milioni 20 nazo ni za kweli, ni majaribio ya kisima cha Ntorya-1, huku huku Mtwara, ya mwaka 2012. Hata hisa za kampuni ya kutafuta mafuta kuuzwa kwa wananchi si jambo geni: kampuni ya Swala iliuza zake kwa shilingi 500 mwaka 2014 na ikaingia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Na zaidi ya yote, watu wa huku wameishi na bomba la gesi linalopita uani kwao kwenda Dar es Salaam, ghasia za kulipinga tulizoziona 2013 hazijasahaulika, halafu anakuja mtu anasema safari hii na wewe utakuwa na chako. Nani asingesikiliza?

Lakini ile hesabu ni ya uongo kuanzia mstari wa kwanza. Kisima kinapojaribiwa, valvu hufunguliwa kwa saa au siku chache ili kupima shinikizo na kasi ya gesi, na mwanzoni hufoka kama soda iliyotikiswa. Kipimo hicho hakisemi kisima kitatoa kiasi gani mwaka wa tatu. Kisima cha Kiliwani Kaskazini, kule Songo Songo, kilianza kuuza gesi mwaka 2016, na ndani ya miaka miwili hivi shinikizo lilikuwa limeshuka hadi uzalishaji ukasimama. Kisima kilikuwa na gesi kweli, ila hifadhi yake ilikuwa ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Na Ntorya yenyewe, aliyoitaja kwa kiburi, ilipimwa 2012, kisima cha pili kikafuata 2017, leseni ya uendelezaji ikatoka 2024. Miaka 12 kutoka kupimwa hadi leseni, na hata hapo bado palihitajika bomba la kufikisha gesi kwenye mtambo wa kuisafisha Madimba. Muuzaji yeye aliahidi gawio "kabla ya msimu ujao wa korosho".

Ubaoni hakukuwa na mrabaha, yaani fungu la serikali katika gesi inayotoka, ambao kwa nchi kavu ni asilimia 12.5. Hakukuwa na mgao wa TPDC, shirika la mafuta la taifa, wala kurudisha gharama za kuchoronga, wala gharama za kusafisha na kusafirisha. Na zidisheni wenyewe: mafungu 20,000 kwa 50,000 ni shilingi bilioni moja, haifiki dola nusu milioni. Kisima kirefu cha nchi kavu hula mamilioni ya dola. Fedha yote aliyotaka kukusanya haitoshi hata kuleta mtambo wa kuchoronga na kuusimamisha porini.

Hata kampuni ndogo za kweli ni hatari kwa mwekezaji, na anayezipima huanza na vitu vitatu ambavyo bwana huyu hakuvigusa. Kwanza fedha taslimu. Kampuni yenye dola milioni 2 inayotumia dola 250,000 kwa mwezi ina miezi 8 ya kuishi, baada ya hapo itauza hisa mpya. Kama kulikuwa na hisa milioni 100 na zikaongezwa milioni 300, aliyekuwa na asilimia moja anabaki na robo ya asilimia, gesi ipatikane isipatikane. Njia nyingine ni kumwingiza mbia. Kampuni ya Aminex ilikuwa na asilimia 75 ya kitalu cha Ruvuma, kilipo kisima cha Ntorya, ikaiachia kampuni ya ARA Petroleum asilimia 50 mwaka 2020 ili ibebewe gharama, ikabaki na 25. Huo ni uamuzi wa busara kwao, lakini aliyekuwa anapiga hesabu zake kwa 75 ilimpasa kuanza upya.

Pili, uwezekano wa kisima kufaulu. Lazima pawe na mwamba mama uliozalisha gesi, mwamba wenye matundu ya kuihifadhi, mtego wa kuikusanya, na mwamba mgumu juu wa kuizuia isitoroke. Vyote vinne kwa pamoja. Mtaalamu akiona cha kwanza ni 0.8, cha pili 0.6, cha tatu 0.7 na cha nne 0.5, huzidisha: inabaki 0.168, yaani visima vitano katika sita vya namna hiyo hukosa. Kisima cha Likonde-1 kilichorongwa 2010 katika bonde hilihili la Ruvuma, kikakuta dalili za gesi, hakikufaa kibiashara. Kwa hiyo anayetaja futi trilioni bila kusema kama ni gesi iliyothibitishwa au inayokisiwa tu kwenye picha za chini ya ardhi zinazopigwa kwa mitetemo, hajakwambia kitu. Zile trilioni 57.54 za Tanzania alizozitaja ni za nchi nzima, nyingi ziko bahari kuu, na si futi hata moja iliyo yake.

Tatu ni leseni, na hapa ndipo angenaswa siku ileile. Kwa Sheria ya Petroli ya 2015 leseni ya utafutaji hupewa TPDC, na kampuni binafsi huingia nayo mkataba wa kugawana uzalishaji. Karatasi aliyoinua ilisema leseni imetolewa kwa jina la kampuni yake. Kuulizia PURA, mdhibiti wa utafutaji wa mafuta na gesi, au TPDC kitalu fulani ni cha nani ni jambo la siku moja.

Dalili nyingine kwa haraka: hana waraka wa matarajio (maelezo rasmi ya kampuni kwa wanunuzi wa hisa) ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, hapitii dalali mwenye leseni, pesa inaingia kwa mtu binafsi na si akaunti ya kampuni, na ukitaka siku mbili za kufikiri anakwambia mafungu yanaisha.

Huyu mtu akamatwe. Kanuni ya Adhabu inaweka hadi miaka 7 kwa anayejipatia fedha kwa udanganyifu, na kwa kiinua mgongo cha walimu wastaafu alichokula hata hiyo ni michache. Nyumba na gari vikamatwe, viuzwe, watu warudishiwe. Na "msajili" wake naye asiachwe. Na viongozi waliompa ukumbi, wakakaa meza kuu pembeni yake ili watu wamwamini, watoke mbele waseme walilipwa nini. Ni aibu mkoa wenye Mnazi Bay kuibiwa kwa chupa ya mchanga.

Mliolipa, msifute meseji za muamala. Zipigeni picha pamoja na vyeti, mwende polisi kwa pamoja mkapewe namba ya RB, na nakala mpeleke kwenye Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Wengine wameanza kupigiwa simu watume 150,000 "kusajili gawio" au "kufungulia marejesho". Anayepiga ni yuleyule. Msitume.