Nyimbo za Senti 15: Tathmini ya Tovuti ya Kupakua Muziki kwa Bei Chee

Kila Jumapili jioni huwa napiga muziki wa zilipendwa katika ukumbi mmoja hapa Morogoro, na kazi hiyo inanilazimu kuwa na nyimbo zangu mwenyewe kwenye kompyuta, kwa sababu siwezi kutegemea bando ambalo huenda likakata wakati watu wako katikati ya uwanja wanacheza. Kwa hiyo nilipotumiwa kiungo cha tovuti ya kigeni inayouza wimbo mmoja kwa senti 15 za dola na albamu nzima kwa dola moja na nusu, nilijiandikisha siku ileile. Jina la tovuti hiyo silitaji, kwani tovuti za aina hii hubadilisha majina na anwani mara kwa mara huku sura na bei vikibaki vilevile, na msomaji ataitambua kwa tabia zake upesi zaidi kuliko kwa jina.

Nianze na yaliyo mazuri, maana yapo. Kutafuta nyimbo ni rahisi, kila wimbo unaweza kuonjwa kwa nusu dakika kabla ya kununua, na faili linashuka chini ya dakika moja hata kwa mtandao wa simu. Tena faili halina kufuli, kwa hiyo unaweza kulihamishia kwenye flashi, simu au redio ya gari bila kizuizi. Mtu aliyezoea kupakua nyimbo kwenye kurasa zilizojaa matangazo ya kamari, ambako kitufe cha kupakua unachokibonyeza mara ya kwanza si chenyewe, ataona amefika mahali pa wastaarabu.

Mashaka yalianza kwenye malipo. Huwezi kulipia wimbo mmoja ukaondoka, kwani ni lazima kwanza uweke salio lisilopungua dola 20, nami nililiweka kwa kadi ya mtandaoni ninayoitumia kwenye simu. Ujumbe wa makato ulipoingia, ulionyesha jina la kampuni ambalo halimo popote kwenye tovuti. Risiti iliyokuja kwa barua pepe ilisema nimenunua huduma za kidijitali, bila kutaja wimbo, mwanamuziki wala mwenye haki. Nimenunua muziki tangu enzi za kaseti, na hata kaseti ya bei ya chini kabisa ilikuwa na karatasi yenye jina la bendi na la aliyeisambaza.

Nilinunua nyimbo 11. Tatu zilikuwa safi kabisa. Mbili zilikatwa kabla ya mwisho, moja ikiishia pale ambapo magitaa yanajibizana baada ya mwimbaji kunyamaza, yaani mahali penyewe ambapo wachezaji wa zilipendwa husubiri. Mmoja ulikuwa na sauti ya DJ anayejitangaza katikati ya ubeti wa pili, jambo linaloonyesha kwamba faili lilichukuliwa kwenye mchanganyiko wa mtu mwingine, likapewa jina jipya na kuwekwa dukani. Kwenye maelezo ya ndani ya faili nne, mahali pa jina la mtunzi paliandikwa anwani ya tovuti nyingine ya kupakua nyimbo, na kwenye faili zote 11 hapakuwa na jina la mtunzi hata mmoja.

Ubora wa sauti nao unahitaji maelezo. Tovuti inaahidi kilobiti 320 kwa sekunde, yaani kipimo cha wingi wa taarifa za sauti ndani ya faili, na ukitazama ukubwa wa faili utadhani ahadi imetimizwa. Nilizifungua nyimbo hizo kwenye programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, nikatazama picha ya masafa yake, yaani sauti zake kuanzia za chini hadi za juu. Katika nyimbo sita sauti zote za juu zilikuwa zimekatwa kwa mstari ulionyooka kwenye kilohezi 16 hivi, na hiyo ndiyo alama ya kawaida ya faili lililobanwa kwa kilobiti 128 kisha likakuzwa tena ili lionekane bora. Kilichokwisha kutupwa wakati wa kubana hakirudi kwa kukuza. Kwenye spika za simu mtu hatagundua, lakini kwenye spika za ukumbi matoazi yalisikika kama mchanga unaomwagwa juu ya bati, na mzee mmoja aliyezoea kukaa karibu na jukwaa alinifuata kuniuliza kama nimebadilisha vyombo.

Mzee huyohuyo alipiga gitaa katika bendi miaka ya 1970. Nilimwonyesha kwenye simu ukurasa wenye wimbo ambao yeye mwenyewe alishiriki kuurekodi. Alisoma jina la wimbo, akasogeza simu mbali na macho, akasoma tena, kisha akauliza: “Mwanangu, hawa watu wananijua?” Nikamwambia, hapana, Mzee. Sikuwa na jibu jingine, na tangu dakika hiyo ubora wa sauti haukuwa tena jambo kubwa kwangu.

Wengi wetu huamini kwamba tukishalipa, basi tumetoka kwenye uharamia. Mfano mkubwa wa kosa hilo ni tovuti ya Urusi iliyoitwa AllOfMP3, ambayo katikati ya miaka ya 2000 ilijulikana dunia nzima. Iliuza muziki kwa uzito, kama sukari dukani: mteja alilipa kwa kila megabaiti aliyopakua, akachagua mwenyewe aina ya faili na ubora wake, na albamu nzima ikamgharimu dola moja au mbili hivi, wakati iTunes, duka la muziki la Apple, ilikuwa ikiuza wimbo mmoja kwa senti 99. Wenyewe walidai kwamba wako halali kwa kuwa walikuwa na leseni ya ROMS, chombo cha Urusi cha kukusanya mirabaha, ambacho kilijiona kina mamlaka ya kutoa leseni hata kwa kazi ambazo wamiliki wake hawakukituma. Kampuni za muziki zilijibu kwamba hazikutoa ruhusa kwa yeyote. Mwaka 2006 Visa iliacha kupitisha malipo ya tovuti hiyo, Novemba mwaka huo kufungwa kwake kukaingizwa katika makubaliano ya Marekani na Urusi kuhusu Urusi kujiunga na Shirika la Biashara Duniani, Desemba kampuni kubwa za muziki zikaishtaki New York, na Julai 2007 ikafungwa.

Mwezi uliofuata, yaani Agosti 2007, mahakama ya Moscow ilimwachia huru mkurugenzi wa zamani wa kampuni iliyoiendesha. Hapo ndipo somo lilipo kwa mnunuzi, maana kitu hicho kimoja kiliweza kutetewa mbele ya hakimu katika nchi kilikokaa na wakati huohuo kikawa uvunjaji wa haki katika nchi kilikouzwa. Tovuti yenyewe ililijua hilo, na masharti yake yalimtwika mteja jukumu la kuhakikisha kwamba sheria ya nchi yake inamruhusu kupakua. Nilipofungua masharti ya tovuti niliyoijaribu mimi, nilikuta sentensi inayofanana na hiyo, chini kabisa, kwa maandishi madogo ya kijivu. Muuzaji anayekukabidhi kesi pamoja na bidhaa ameshakueleza anavyoijua bidhaa yake.

Kwa upande wetu Tanzania Bara, sheria ni ile ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999. Haki ya kunakili na kusambaza kazi ni ya mtunzi au ya yule aliyeipokea kutoka kwake, na kununua faili hakuhamishi haki hiyo. Nasikia mara nyingi, hasa kwa wenzangu wa muziki wa kumbi, kwamba zilipendwa ni za bure kwa kuwa ni za zamani. Si kweli. Utunzi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mbaraka Mwinshehe, ambaye Morogoro tunamwita wetu, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, na maana yake tungo zake bado zina mwenyewe hadi 2029 imalizike. Marijani Rajab alifariki 1995, na kwa hesabu hiyohiyo zake zinalindwa hadi 2045. Tungo zote hizo zipo kwenye tovuti niliyoijaribu kwa senti 15.

Niliwaandikia huduma kwa wateja swali moja tu: katika senti 15 hizo, ni kiasi gani kinamfikia mtunzi wa Tanzania, na kinapitia chombo gani? Jibu lilikuja baada ya siku nne, likasema kwamba kampuni inafuata sheria zote za nchi ilikosajiliwa. Niliuliza tena, nikaitaja kwa jina COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, sikujibiwa. Niliomba kurudishiwa salio lililobaki, na hilo halikujibiwa pia.

Kwa atakayeuliza anunue wapi, zipo njia mbili ninazozitumia sasa. Mdundo, tovuti ya muziki iliyoanzia Nairobi, inaruhusu kupakua bure kwa kuweka tangazo fupi mwanzoni mwa wimbo, na mapato hugawanywa na wenye nyimbo. Kwa kazi ya ukumbini tangazo hilo linasumbua, lakini kwa kusikiliza nyumbani linavumilika kabisa. Bandcamp ni ghali zaidi na inahitaji kadi au PayPal, ila unapata faili la FLAC lisilopunguzwa kitu, na tovuti yenyewe huchukua asilimia 15 ya mauzo ya faili, na sehemu kubwa inayobaki ikienda kwa msanii au lebo yake baada ya kutolewa ada ya malipo. Singeli ya Dar es Salaam niliyoipata huko kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikuja na majina ya waliohusika, na kwenye Audacity masafa yake yalipanda hadi juu bila kukatwa.

Pengo lililopo ni la zilipendwa zenyewe. Sehemu kubwa ya muziki wa dansi ilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zile leo ziko chini ya TBC, shirika la utangazaji la taifa. Nyimbo nyingi ninazoombwa ukumbini sijazikuta mahali popote zikiuzwa kwa njia inayomlipa mtunzi au familia yake, na mradi hali ni hiyo, tovuti za senti 15 zitaendelea kupata wateja wasio na nia mbaya, kama nilivyokuwa mimi. Zikitolewa kwa ubora mzuri, kwa malipo ya simu, hata kwa shilingi 1,000 wimbo, mimi nitakuwa wa kwanza kununua.

Kwa sasa naipa tovuti hii nyota moja kati ya tano, na nyota hiyo ni ya kasi ya kupakua. Nyimbo zote 11 nimezifuta. Ule aliopiga mzee wangu ninao kwenye kaseti halisi ya zamani, nimeuhamishia kwenye kompyuta mwenyewe kutoka kwenye deki, na una mchakacho kidogo mwanzoni, lakini magitaa yanasikika hadi yanapoishia.